Sauti Isiyotaja Jina la Mtu

Kwa miaka minne mwandishi wa makala haya alipita kila juma kwenye lango la Soko Kuu la Morogoro bila kutambua alichokuwa akikisikia. Kipaza sauti kidogo, kilichofungwa kwa mpira kwenye mpini wa toroli, kilirudia maneno yaleyale tangu asubuhi hadi jioni: "Panya, mende, kunguni, utitiri. Dawa ipo hapa. Sogea karibu, usione haya, hata jirani yako anao."

Alisikia tangazo la sumu ya panya, basi. Hakusikia kwamba kati ya "usione haya" na "hata jirani" palikuwa na kituo cha pumzi moja, ambacho watu waliosoma sekondari mjini hapa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili walikijua kuliko sauti za walimu wao. Aliyekitambua ni mwanamke mmoja wa Dakawa, na yeye alihitaji kulisikia tangazo hilo mara moja tu.

Ni saa mbili na robo asubuhi. Hafidha Kibwana, mwenye umri wa miaka hamsini na tisa, anaingia kazini kwa kuinama. Ofisi yake ni uwazi mdogo katikati ya marobota ya mitumba, ndani ya kibanda cha shemeji yake nyuma ya soko. Kushoto kuna majaketi, kulia mashuka, na juu ametandaza blanketi zito lililofungwa kwa kamba.

"Nguo inameza kelele," anaeleza. "Kule redioni tulibandika trei za mayai ukutani. Hapa nina majaketi ya Ulaya. Nimepanda daraja."

Anaketi kwenye kigoda, anajifunika khanga kichwani yeye na simu yake, na sauti inaanza kutoka chini ya kitambaa, tulivu, kana kwamba inazungumza na mtu mmoja aliye upande wa pili wa meza. Leo anauza soksi. Jana aliuza miche ya parachichi. Kila mchuuzi wa mji huu mwenye kipaza sauti humjia na karatasi yenye maneno yake, naye huyasoma, huyanyoosha, na kuyaingiza kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu kwa shilingi elfu tano. Wiki nzuri huleta matangazo tisa, wiki mbaya mawili. Pengo huzibwa na mafungu ya mdalasini na iliki kutoka Kinole, milimani, aliyoyapanga mlangoni.

Mwandishi alikuwa amefika hapo kwa ajili ya habari nyingine, ya wachuuzi na kelele za mji. Ni pale tu jina la Hafidha na pumzi ile vilipokutana chini ya blanketi ndipo alipotambua amekaa mbele ya nani. Kabla hajauliza lolote, mteja wa kwanza aliingiza kichwa. Huyo ni Abuu, muuza sumu ya panya, mwanamume wa miaka thelathini na mmoja, baba wa watoto wawili.

"Shikamoo, Bi Hafidha."

"Marahaba, Abuu. Panya hawajaisha tu?"

"Wakiisha tutakula wapi mimi na wewe? Nimekuja unibadilishie tangazo. Siku hizi langoni tuko watatu, na wote tuna sauti yako. Mteja anasimama katikati anashangaa kama yuko msikitini. Niwekee jina langu. 'Njoo kwa Abuu.' Maneno matatu tu."

"Hata moja siweki."

"Jina langu mwenyewe, nakupa kwa hiari yangu!"

"Nitakuwekea rangi. 'Njoo kwenye toroli la kijani.'"

"La kijani wameshapaka wote, Bi Hafidha. Waliniiga tangu Ramadhani."

Anakataa. Katika mamia ya matangazo aliyorekodi tangu aanze kazi hii, hakuna hata moja lenye jina la mtu. Wauza chai wamemwomba, mafundi wa simu wamemwomba, na mchungaji mmoja alimwomba kwa maombi kabisa. Jibu lake halibadiliki: "Majina nilishayamaliza."

Abuu anaguna, anageuka kuondoka, kisha anakumbuka. "Halafu una salamu zako kutoka Dakawa. Juzi nilikwenda na mzigo kule kwenye mashine za mpunga. Mama mmoja akanizibia njia kwa ungo. Akaniuliza, huyo mwenye sauti yuko hai? Nikamwambia yuko hai, yuko sokoni Morogoro. Halafu akaniuliza swali la ajabu kweli."

"Swali gani?"

"Bado anacheka?"

Hafidha anaivua khanga kichwani polepole. "Alikutajia jina?"

"Pili. Pili binti Dadi."

Kisha Hafidha anauliza, kwa sauti ambayo si ya matangazo, gulio la Dakawa lingine ni siku gani.

Redio Lukwangule ilirusha matangazo kutoka chumba cha ghorofani, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, si mbali na stesheni ya reli. Ilianza mwaka 1999 na kunyamaza mwaka 2012, mwenye redio alipofariki na warithi wakauza mitambo. Leo pale chini panauzwa vigae, na ghorofani kuna saluni. Trei za mayai, anasema msusi mmoja, walizikuta bado ukutani na wakazitoa kwa kijiko.

Haikuwa redio kubwa. Ilikuwa redio ya mji uliojua sauti zake kwa majina. Asubuhi alikuwako Evance, ambaye taarifa yake ya hali ya hewa ilikuwa kufungua dirisha na kuutazama mlima. "Leo Bondwa amevaa kofia," angesema, na akina mama wa Kilakala wangeanua nguo. Jumamosi alikuwako Anselmi, mtangazaji wa mpira, aliyetangaza mechi za Uwanja wa Jamhuri akiwataja hata watazamaji wa bure waliopanda juu ya miti, mti kwa mti, mpaka siku mke wa mmoja wao alipomfuata mumewe palepale.

Na kila siku, saa sita hadi saa saba mchana, alikuwako Mama Salamu. Ndilo jina lililompata Hafidha hewani. Kadi ya salamu ilinunuliwa dukani kwa shilingi mia mbili. Mtumaji alijaza jina lake, mahali alipo, watu anaowasalimu na ujumbe. Kadi ziliteremka mjini na makondakta wa magari ya ndizi kutoka Kinole na Mgeta, na makuli wa mahindi kutoka Gairo, zikaingia katika sanduku la mbao mlangoni. Hafidha alisoma arobaini kwa siku. Mshahara wake ulikuwa shilingi elfu sitini kwa mwezi.

"Mtu alikuwa anaweza kukaa wiki tatu anasubiri jina lake," anakumbuka. "Likitajwa, mtaa mzima unampigia makofi. Hajashinda chochote. Ametajwa tu."

Kipindi kile kilikuwa na nyota wawili ambao hawakuwahi kuingia studio. Wa kwanza ni Twalibu, fundi baiskeli, Mnyamwezi aliyehamia Kinole ujanani na kuoa huko. Wa pili ni Mzee Dadi, Mluguru, mkulima wa viungo, mtani wake. Kwa kuwa Mnyamwezi na Mluguru ni watani, mmoja ana ruhusa ya kumtukana mwenziwe hata mbele ya wakwe, na akifiwa ana wajibu wa kuja kuchekesha msibani na kushika jembe kaburini. Twalibu aliuchukua utani huo akaupandisha hewani.

"Mtani wangu Dadi wa Kinole amefariki kwa kula fenesi zima peke yake," ilisema kadi ya kwanza. "Safari hii siyo utani."

Wiki iliyofuata ilikuja kadi ya kujibu. Mzee Dadi hakujua kuandika, hivyo aliyemwandikia alikuwa Twalibu mwenyewe, akitamkiwa neno kwa neno huku akipinga. "Mimi marehemu Dadi nawasalimu nyote kutoka huku chini. Huku sijaona Mnyamwezi hata mmoja, ndiyo maana kumetulia."

Mji ulianguka kwa kicheko. Katika mwaka mmoja Mzee Dadi alifariki hewani mara nne. Mara ya pili alikufa kwa mshtuko baada ya kuona baiskeli mpya ya Twalibu. Mara ya tatu alikufa akikimbia kuoga. Mara ya nne Hafidha hakumbuki sababu, ila anakumbuka kwamba alicheka mpaka fundi mitambo akalazimika kuweka muziki. Kila kadi ilimalizika kwa maneno yale: safari hii siyo utani.

Kadi ya tano ilifika Julai 2005.

"Ilikuwa saa saba kasoro dakika mbili," anasimulia, akikunja na kukunjua pindo la khanga. "Taarifa ya habari inasubiri. Nikavuta kadi ya mwisho, nikaona mwandiko wa Twalibu, nikaanza kucheka kabla sijasoma. Nikasoma huku nacheka: 'Mtani wangu Dadi wa Kinole amefariki alfajiri ya leo. Nimebaki na nani wa kumtukana? Safari hii siyo utani.' Nikaitupa kwenye boksi. Muziki wa habari ukaingia juu ya kicheko changu."

Matangazo ya vifo yalikuwa na utaratibu wake pale redioni: mtu alifika mwenyewe, akiwa na karatasi yenye muhuri wa serikali ya kijiji. Siku ile ofisi ya kijiji ilikuwa imefungwa, na Twalibu hakuwa na karatasi nyingine nyumbani isipokuwa kadi za salamu. Aliandika kwenye kadi, akampa kondakta, akarudi kuchimba kaburi.

Siku ya nne fundi baiskeli huyo alipanda ngazi za Redio Lukwangule akiwa na udongo kwenye kucha. Hakufoka. "Umecheka vizuri, mama," alimwambia. "Lakini mtoto wake wa pekee hakuja kuzika. Yuko Dakawa. Alikusikia unacheka, naye akacheka."

Siku hiyohiyo Hafidha aliomba aondolewe kwenye salamu. Walimpa kipindi cha bei za mazao, na kwa miaka saba iliyobaki alisoma mahindi ya Gairo, mchele wa Dakawa na ndizi za Kinole. Wasikilizaji waliandika kuuliza Mama Salamu amekwenda wapi. Hakuna aliyewajibu. Maboksi ya kadi yaliuzwa kwa wauza karanga wa kufungia, kadi ya tano ikiwamo, na kwa kuwa kipindi kilikuwa cha moja kwa moja, hakuna aliyehifadhi chochote. Hafidha hana sekunde moja ya sauti yake ya miaka ile.

"Nilijiambia, mdomo uliocheka msiba wa mtu usitaje tena jina la mtu," anasema. "Nimekaa hivyo miaka ishirini. Si kwamba nimezoea. Kila Abuu anaponiomba, nakumbuka kadi ile."

Kwa nini hakuwahi kwenda Dakawa? "Ningemwambia nini? Ningefika pale, aniulize kwa nini ulicheka, mimi nina jibu gani?"

Siku ya gulio, Hafidha anapanda gari la asubuhi pamoja na Abuu na toroli lake, lililofungwa juu ya keria. Mwandishi anaruhusiwa kufuatana nao. Hafidha amevaa baibui lake la Idi na amebeba mfuko wa mdalasini, kwa kuwa, anasema, hawezi kwenda mikono mitupu kwa mtu wa Kinole. Njia nzima anatazama nje. Baada ya kituo cha Mkundi anauliza mara moja tu: "Alikuwa na uso wa namna gani, alipokuuliza?"

"Wa kawaida, Bi Hafidha. Wa mtu anayeuliza bei."

Uwanja wa kuanikia mpunga wa Dakawa uko kando ya mashine za kukoboa, na mchana wa jua kali unang'aa kama bati. Wanawake kumi na kitu wanatembea peku juu ya maturubai, wakigeuza mpunga kwa nyayo, mstari baada ya mstari. Abuu, kwa mazoea ya kazi, anakiwasha kipaza chake mara tu toroli linapogusa chini. "Panya, mende, kunguni, utitiri," inatangaza sauti ya Hafidha, naye Hafidha mwenyewe amesimama kando, mikono ameikumbatia kifuani.

Mwanamke mrefu wa makamo anasimama katikati ya turubai lake.

"Zima hiyo, kijana," anasema. "Si mwenyewe kaja?"

Huyo ni Pili. Ana miaka hamsini na minne, na ekari moja na nusu ya mpunga ndani ya skimu ya umwagiliaji. Ni mdogo kwa Hafidha kwa miaka mitano, na kwa adabu ya huku angepaswa kumwamkia. Hamwamkii. Anamtazama kuanzia kilemba hadi viatu.

"Nilidhani wewe ni mnene," anasema hatimaye.

"Wote walidhani hivyo."

"Sauti nene ile, nikasema huyu lazima awe na mwili. Kumbe fito."

Mwanamke mmoja wa turubai la pili anacheka. Pili hacheki. Anatangulia kwenye kivuli cha ghala, anakung'uta gunia tupu, anamwonyesha mgeni akae. Kisha anatoa kutoka kwenye kikapu chake redio ya kaseti, kuukuu, mfuniko wake umeshikwa kwa waya.

Kumbe alikuwa akirekodi. Mwaka ule wa vifo vinne, Pili alikuwa akishinda juu ya dungu, kibanda kirefu cha miti katikati ya shamba, akiwinga ndege wasile mpunga. Mkono mmoja ulivuta kamba yenye makopo ya kutisha ndege, mwingine ulikuwa kwenye kitufe cha kurekodi. Sauti ya Twalibu ilipopatikana katika maneno ya Mama Salamu, alibonyeza. Ana vifo vyote vya baba yake, na majibu yake yote kutoka kaburini.

"Baba hana picha," anasema. "Alikuwa hataki picha. Nilicho nacho ni hiki, na ndani humo anazungumza kwa mdomo wako."

Anabonyeza. Ukanda unakwaruza, makopo yanalia mbali, na sauti ya mwanamke wa miaka thelathini na tisa inatoka, yenye furaha isiyo na mipaka. Hafidha anaisikia sauti yake ya miaka ile kwa mara ya kwanza tangu redio ife. Fenesi. Baiskeli. Kuoga. Watu wa maturubai wanasogea. Abuu ameketi juu ya toroli, mdomo wazi.

Kisha kadi ya tano. *Amefariki alfajiri ya leo.* Kicheko. *Nimebaki na nani wa kumtukana?* Kicheko zaidi. *Safari hii siyo utani.* Kicheko, na muziki wa habari. Ukanda unakata.

Hafidha ameinamisha kichwa. "Nisamehe, Pili. Nilicheka. Nilicheka msiba wa baba yako mbele ya mkoa mzima. Tangu siku ile..."

"Nani amekuuliza habari ya kucheka?"

Hafidha anainua uso.

"Kicheko ni haki ya baba," Pili anaendelea, na sasa sauti yake imepanda. "Watani walicheka mpaka makaburini. Twalibu alijilaza kaburini, akasema hili ni fupi, mkatafute Mluguru mwingine. Nimeambiwa watu walicheka mpaka wakashika viuno. Mimi hata nilipokuuliza kama bado unacheka nilikuwa nauliza kwa wema. Nimekaa na swali moja tu, bibie. Kwa nini hukusema saa?"

"Saa gani?"

"Saa ya kuzika!"

Ndipo jambo lile linapowekwa wazi, na linawekwa wazi na mkulima wa mpunga juu ya gunia. Twalibu alikuwa na mpaka wake katika utani, na wasikilizaji wa milimani waliujua mpaka huo bila kuambiwa. Angemwua mtani wake kwa fenesi au kwa baiskeli, lakini katika vifo vile vinne hakuwahi kuandika saa ya mazishi. Kifo kisicho na saa kilikuwa mzaha. Pili alipoisikia kadi ya tano aliacha kamba ya ndege, akasimama juu ya dungu, akasubiri saa itajwe. Badala ya saa ukaja muziki. Akakaa, akacheka, akaendelea kuwinga.

"Twalibu aliniapia kwamba aliandika. Kesho saa kumi jioni, Kinole. Nilikuwa na saa ishirini na saba. Kutoka hapa hadi Kinole kwa saa ishirini na saba ningefika hata kwa magoti. Nikajiuliza miaka yote hii: yule mwanamke aliiona saa akaikata kwa sababu gani? Nilimkosea nini?"

"Aliiandika wapi?" Hafidha anauliza. Sauti yake imekuwa ndogo. "Pili, mimi sikuona saa. Wallahi. Aliiandika wapi?"

"Nyuma. Alisema nafasi ya mbele ilikwisha, akageuza kadi akaandika nyuma."

Hafidha anafumba macho. Kiganja chake cha kulia, kilicholala mapajani, kinageuka taratibu, mgongo chini, kama mtu anayegeuza kitu kidogo chenye pembe nne.

"Sikuigeuza," anasema. "Habari ilikuwa inaingia. Nilisoma mbele, nikaitupa. Sikuigeuza kadi."

Mashine ya kukoboa inanguruma, inazimika, inanguruma tena.

"Basi?" Pili anauliza. "Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu."

"Hukuikata."

"Sikuiona."

Pili anavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyeshushiwa mzigo kichwani ambaye shingo bado haijaamini. Kisha anamgeukia Abuu. "Kijana, hicho chombo chako kinaweza kusema mambo mengine zaidi ya panya?"

"Kinasema chochote, mama. Kina sehemu ya kusemea hapa."

"Mpe." Na kwa Hafidha: "Nataka uisome yote. Mahali pa kucheka ucheke, usinisomee kama mwanasiasa. Lakini useme saa."

Hafidha anashika kipaza kwa mikono miwili. Hakuna karatasi, lakini ukanda umetoka kusema maneno hayo sasa hivi, na hata kabla ya ukanda hajawahi kuyasahau. Anasimama pembeni ya turubai, anaweka ile pumzi moja, na kusoma.

"Mtani wangu Dadi wa Kinole amefariki alfajiri ya leo." Jina la mtu linatoka kinywani mwake na kupita juu ya mpunga wote. "Nimebaki na nani wa kumtukana?"

Hacheki. Amejaribu, inaonekana, na imegoma. Anayecheka ni Pili. Anaanza polepole, mabega yakitikisika, kisha analia na kucheka kwa pamoja, na Hafidha anapomwona, kicheko kile cha kwenye ukanda kinamtoka, kimechakaa lakini ni kilekile.

"Safari hii siyo utani," anamalizia. "Mazishi ni kesho, saa kumi jioni, Kinole."

Mama mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza anafika na ndoo anauliza kwa wasiwasi, "Jamani, kafa nani?"

"Baba yangu," Pili anajibu, akijipangusa kwa upande wa khanga.

"Inna lillahi! Lini?"

"Miaka ishirini sasa. Ila tangazo limefika leo."

Walikula wali pale ghalani. Pili alieleza kwamba Twalibu naye alifariki miaka minane iliyopita, na kwamba yeye alikwenda Kinole kumzika, akafanya wajibu wa mtani, akawachekesha watu mpaka imamu akageuka pembeni. Aliupokea mdalasini, akaunusa, akasema huu umekauka mno, mmeuziwa na nani? Hafidha aliomba nakala ya ukanda ule. Pili alisema ukanda hautoki Dakawa, lakini mwenye simu anaweza kuurekodi, na Abuu alifanya hivyo akiwa amejifunika baibui la Idi, kwa sababu ya kelele za mashine.

Jua liliposogea, Hafidha alisimama kuaga. Pili aliinuka naye, akakung'uta makapi kwenye magoti.

"Shikamoo, dada," alisema.

"Marahaba, mdogo wangu."

Hayo yalitokea mwezi Agosti. Hafidha ana mpango wa kupanda Kinole baada ya mavuno, kwa kuwa Pili amemwambia milimani kuna nyumba nyingi zenye kaseti kama ile, kila moja imerekodi sekunde chache tu, zile ambazo jina la mwenye nyumba lilitajwa. Anataka kuzikusanya. "Redio yetu iko huko," anasema, "imekatwakatwa vipande, kila mtu ana kipande chake." Evance, aliyestaafu na kurudi kwao Gairo, ameahidi kusaidia kuzisafisha, kwa sharti kwamba atakayetangaza hali ya hewa ya milimani awe yeye.

Langoni mwa Soko Kuu kuna matoroli matatu ya kijani yanayouza sumu ya panya kwa sauti moja. La katikati sasa linasema: "Njoo kwa Abuu, yupo hapa hadi saa kumi na mbili jioni." Wenzake wawili wamekwisha kupeleka majina yao kibandani. Na kila karatasi inayoingizwa katikati ya marobota, Hafidha huisoma mbele, kisha huigeuza.